Mawingu, Sikuona

Hekalu la Babeli hulipa kwa shayiri,
na shayiri hiyo hununuliwa kwa macho.
Ndivyo alivyoniambia baba, Labashi,
siku ya kwanza aliponipandisha paani,
nina miaka tisa, makamasi yananichuruzika,
nimebeba udongo mbichi ndani ya kitambaa cha maji
usije ukakauka kabla mbingu hazijasema.

Kazi yenyewe haikuwa na makuu.
Zuhura yuko wapi. Mshtarii amesogea vidole vingapi
kutoka ile nyota nyekundu ya Nge.
Kisha, kwenye kibao hichohicho, bila aibu:
shayiri bei gani sokoni, na tende, na ufuta, na sufu;
Frati umepanda kiasi gani;
mbwamwitu ameonekana karibu na lango.
Ya juu na ya chini, tete moja.

"Usiandike unachokijua," alisema. "Andika ulichokiona.
Na kama hukuona, andika hukuona.
Mfalme atakufa, mungu wake atapakiwa mkokoteni kama mateka,
lakini atakuja mtu, bado hajazaliwa,
atauliza: usiku ule kulikuwa na nini?
Usimdanganye huyo. Hana pengine pa kuuliza."

Ndiyo maana ghala letu limejaa maneno haya:
Mawingu. Sikuona.
Mawingu. Sikuona.
Watu wazima na ndevu zao
wamekesha kwenye baridi ili waandike kwamba hawakuona.

Sasa paa ni langu.
Miaka kumi na minane na siku kumi na moja:
kivuli huurudia mwezi kama mdai asiyesahau mlango,
ila huchelewa theluthi ya siku.
Kilichokuja jioni kitarudi kabla ya alfajiri.
Basi nikashuka ghalani na taa ya ufuta
kuitafuta Kislimu ile, usiku wa kumi na nne,
nijue kivuli kiliingilia upande gani.

Nikakipata kibao. Mwandiko wake, misumari imelalia kushoto.
*Usiku wa 14. Mawingu. Sikuona.*

Nikakaa chini, palepale penye vumbi.

Kwa sababu mimi nilikuwapo.
Nilikuwa chali mkekani, sufu hadi kidevuni,
na hapakuwa na wingu hata la dawa.
Mwezi uliliwa kuanzia mashariki, polepole,
ukawa rangi ya sufuria kuukuu,
na huko chini mjini wakaanza kupiga shaba.
Nikamvuta vazi. "Baba, unaona?"
Akainua uso. Akakaa kimya.
"Nieleze wewe," akasema, "nijue kama umejifunza."
Nami, mjinga mwenye furaha, nikaeleza yote,
hadi ile nyota ndogo iliyojitokeza pembeni giza lilipokolea.

Tulipokuwa tukishuka ngazi aliweka mkono begani kwangu.
Nilidhani ni mapenzi.

Kila neno alikuwa nalo. Angeliandika tu,
nani angejua?
Hakuandika. Macho yangu hakuyaiba.
Alidanganya neno moja, ili tule,
la pili akaliacha lilivyo.

Mawingu yalikuwapo, baba. Hayakuwa juu.
Huitwa mtoto wa jicho,
na mtoto mwingine alikuwa pembeni anapiga domo.

Mwanafunzi wangu, Tabiya, ananiuliza: tukivunje?
Kibao chenye kosa, mzee, si kitampotosha huyo ajaye?
Namwambia ashike udongo vizuri, unakauka.

Kinaingia. Mashariki, kama zamani.
Naandika saa, naandika upepo, naandika bei ya shayiri,
ambayo ni mbaya.
Halafu ukingoni, pale pembamba
ambapo watunza ghala hawana desturi ya kusoma:
*Kislimu ile, miaka kumi na minane nyuma: anga safi.
Aliona mtoto.*